Kwapa la Jezi Nambari Kumi na Nne

Mwanangu Haitham,

Salamu nimekupa leo tangu alfajiri, na dua juu yake, mpaka ukaniambia, "Mama, malaika wamechoka kuitikia." Basi salamu naziacha, naanza na furaha. Kesho saa tisa mchana ndege yako inaruka, na mimi tangu asubuhi sijakaa chini. Suruali moja nimeipiga pasi mara mbili. Mteja kaja dukani kuchukua abaya yake nikampa ya mtu mwengine, naye akaipenda hiyo hiyo. Mwanangu anakwenda Amerika kusoma na kucheza besiboli, chuo kimemwita kwa jina lake, na baba yake alikuwa dereva wa basi la skuli. Kila mtu hapa jengoni nimeshamwambia, hata yule anayeleta mitungi ya gesi.

Mambo ya paspoti, koti la baridi na chakula gani uulize kwanza kabla hujakila, dada yako Zuwena amekuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma. Mimi sitayarudia. Ukimsahau yeye atakukumbusha, unamjua.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichokiona leo uliporudi msikitini. Uliikunja jezi ya baba yako, ile nyeupe yenye nambari kumi na nne mgongoni, ukaiweka juu ya nguo zote begini. Ukaigusa kwa kiganja, vile unavyomgusa rafiki yako begani. Halafu ukaniambia, "Hii, mama, nitaivaa chini ya jezi ya chuo kila mechi. Hii ndiyo iliyonirudisha."

Nikaenda jikoni kuzima jiko ambalo sikuwa nimeliwasha.

Haitham, si jezi iliyokurudisha. Jezi hiyo ina jambo lake ambalo sikukwambia kwa mwaka mzima na zaidi, na sitaki uvuke bahari hulijui. Huko unakokwenda nako kuna siku utapiga hewa wiki nzima. Kila mpigaji humfika, hata wewe umenieleza hivyo. Sasa siku hiyo ikifika, nawe unaamini kwamba jezi ndiyo inayokubeba, utaitazama uone baba yako amekupa mgongo. Hilo ndilo ninaloliogopa, wala si baridi. Nataka uondoke unajua kwa nini ulianguka na kwa nini uliinuka, kwa kadiri ninavyojua mimi, mtu wa cherehani.

Ulianza besiboli kwa bahati tu. Baba yako alikuwa akiwapeleka watoto wa skuli ya Mirdif, hapa hapa Dubai, uwanjani kila Jumamosi, na wewe, una miaka tisa, unakwenda naye kwa sababu nyumbani ulikuwa ukinipotezea vifungo. Siku moja timu ikapungukiwa mtoto. Kocha, yule Mmarekani mzee wa mambo ya mafuta, akagonga kioo cha basi akakuita. Baba yako alinisimulia habari hiyo usiku ule kwa mikono yote miwili: ulivyolishika rungu chini juu, walivyokugeuza, na mpira wa kwanza uliokuja ulivyoupiga ukapita baina ya watu wote. "Asya," akaniambia, "huyu mtoto anaona mpira mkubwa kuliko wanavyouona wenziwe."

Baba yako hajawahi kulishika rungu lile maisha yake yote. Lakini kuanzia wiki ile akawa anakurushia ndimu kwenye ukumbi wetu mwembamba, na wewe unapiga kwa mwiko wangu wa wali. Ndimu zangu za achari zote zikawa na vidonda. Nilikuwa kwenye cherehani nawasikiliza, nagomba, na hamnisikii. Alikuwa na neno moja tu. Ukipiga, anasema, "Haya, mwengine." Ukikosa, anasema, "Haya, mwengine." Kwa sauti ile ile. Mimi nikidhani ni uvivu wa maneno, maana hata kwenye chakula changu alikuwa hivyo hivyo. Imenichukua miaka kufahamu kwamba alikuwa anakufundisha.

Jezi alipewa na kocha kwa sababu ndiye aliyekuwa akibeba maji na kapu la mipira. Walimchagulia kumi na nne kwa kuwa ilikuwa kubwa, hakuna mtoto aliyeijaa. Akiivaa juu ya suruali yake ya kazi na anajiona kama waziri.

Ulipotimiza miaka kumi na sita ulikuwa mpigaji wao hodari kuliko wote. Mimi sikuwa mjuzi, lakini nilikuwa nikiona: ukitoka tu benchi, watoto wa timu nyingine waliosimama mbali wanarudi nyuma mpaka migongo yao inagusa uzio. Baba yako alikuwa ananionesha kwa kidevu, hasemi kitu.

Kisha akatutoka. Ilikuwa Septemba, mwezi mmoja kabla msimu haujaanza. Alikuwa ameshaegesha basi na watoto wote wameshashuka. Hilo nalitaja kila ninapomshukuru Mungu.

Sasa nakuja kwenye makosa yangu, na naomba uyasome pole pole.

Nilikuwa nimekaa eda. Bi Shemsa, somo yangu, alikuja kwa abra, ile mashua ya kuvushia watu, kutoka Deira na begi lake la nguo, akaniwekea godoro lake pembeni mwangu, akakaa nami miezi minne na siku kumi kama alivyoahidi. Katika wiki ya tatu nikaitoa ile jezi kabatini, nikakwambia uivae msimu huu. Wewe ulisema, "Lakini mama, mimi ni saba." Ulisema kwa adabu. Mimi nikalia. Ukaichukua kutoka mikononi mwangu ukasema ni sawa.

Hilo la kwanza. Ulikuwa na nambari yako, na mimi nikakuvisha ya mtu mwengine kwa machozi.

La pili ni la kazi yangu mwenyewe, na hili linaniuma kwa namna nyingine. Baba yako kifua chake kilikuwa kama mlango. Jezi ilibidi ipunguzwe. Nimeshona miaka ishirini na tano hapa Bur Dubai, na kila mteja anayeniletea shati la kaka yake au la mumewe nilipunguze namwambia neno moja: nguo haipunguzwi ubavuni bila kukata kwapa upya. Usipolikata, kwapa linabaki chini, karibu na mbavu, na mtu akinyanyua mikono nguo yote inamvuta kwenda chini. Nawaambia Wahindi, nawaambia Wafilipino, namwambia arbab wangu mwenyewe, mwenye duka. Jezi ya baba yako sikuikata. Sikutaka mkasi uiguse. Niliukunja ule upana wote kwa ndani, matabaka mawili mawili kila upande, nikaushona. Nikajiambia kwamba hivi kitambaa chake chote kimo, hakijapungua hata uzi. Ukaijaribu umesimama wima na mikono umeishusha. Ikakaa vizuri. Hatukujaribu kunyanyua mikono. Fundi wa miaka ishirini na tano.

Na la tatu ni maneno. Asubuhi ya mechi ya kwanza ulipokuja kunipa mkono, badala ya maneno ya baba yako nilikwambia, "Mpigie baba yako mpira. Uvushe uzio." Nikalirudia kila Jumamosi. Nilidhani nakupa nguvu.

Mimi siwezi kutoka, basi Zuwena akawa anaiweka simu benchi, karibu na wavu, nami nakusikiliza nikiwa chumbani. Bi Shemsa siku ya kwanza alinikazia macho akasema hajapata kuona eda ya namna hiyo, mjane anasikiliza mpira. Wiki ya tatu ndiye aliyekuwa ananiuliza, "Saa ngapi leo mtoto anacheza?" na anaacha uradi wake katikati.

Mwanangu, cherehani inaniambia sindano imekuwa butu kabla uzi haujakatika. Inasema kwa sauti. Na ile sauti ya rungu lako nilianza kuijua vivyo hivyo. Ukiupiga mpira katikati, ni kama mtu amechana kitambaa cha pamba kikavu kwa mkupuo mmoja. Mechi nne za mwanzo sauti ilikuwa hiyo hiyo. Inapasuka, nakaa sawa, na Bi Shemsa anasema, "Hiyo imefika." Halafu Zuwena anasema kwa huzuni, "Amedakwa." Inapasuka tena. "Amedakwa tena, mama, yule mtoto karuka kama paka." Ulikuwa unapiga vizuri, Haitham. Mipira ilikuwa inaangukia penye watu, na ukidakwa hewani, kama ulivyonieleza, mpigaji ametoka. Mimi niliijua kwa masikio, na sikukwambia. Nikajiona, mwanamke wa sindano, nani ataniuliza habari za mpira? Neno moja tu lingekutosha, na mimi nikalikalia.

Kwa sababu nilinyamaza, wengine wote wakasema. Msaidizi wa kocha akakwambia ubadilishe miguu. Rafiki yako akakupa rungu jipya, jepesi. Mtu mwengine akakurikodi kwa simu akakuonesha kwamba kichwa kinayumba. Bi Shemsa akasema ni kijicho, akakusomea maji ukanywa, na ukaoga mengine. Wewe kwa heshima yako ukachukua kila dawa ya kila mtu, zote kwa pamoja. Na juu ya hayo ulikuwa na mimi, na uzio wangu wa kuuvusha, basi ukawa unaupiga kila mpira unaokuja, mzuri na mbaya, wa juu ya kichwa na wa kwenye vumbi.

Desemba sauti ikageuka. Ikawa kama kupiga godoro. Januari ikawa hakuna sauti kabisa, ni upepo tu halafu mpira unalia ndani ya glavu ya mdakaji. Wakakushusha kwenye foleni ya wapigaji kutoka nafasi ya tatu mpaka ya tisa, kisha benchi. Zuwena alikuwa bado anaiacha simu hapo, na nilikuwa nasikia wewe unakula mbegu za alizeti.

Eda ikaisha. Nikaja kwenye mechi ya mwisho. Wakakuingiza mwishoni mwishoni. Nilikaa nyuma ya wavu, nikakuona unanyanyua rungu, na mkono wako wa kulia ukafika bega ukasita. Jezi yote ikapanda. Ikachomoka kwenye mkanda, tumbo likaonekana, na chini ya kwapa lile kunjo langu likasimama kama ubavu wa pili. Uliporusha rungu, kitambaa kikakuvuta nyuma. Mtu mwengine yeyote pale aliona mtoto aliyepoteza uwezo wake. Mimi niliona mshono wangu.

Ulikuja kwenye wavu jasho linakutiririka. Ukaniambia, "Samahani, mama. Leo nilitaka umuone baba."

Pale pale ndipo pa kusema. Nikasema, "Msimu ujao, inshallah." Tukapanda basi tukarudi nyumbani. Ulipovua fulana niliona chini ya makwapa ngozi imechubuka, nyekundu, kovu juu ya kovu. Nilikuuliza ni nini. Ulisema ni joto. Ulikuwa unajua, nami nikajua kwamba unajua, na kila mmoja akamficha mwenziwe ili asimuumize. Hivyo ndivyo tulivyokuwa ndani ya nyumba hii mwaka ule, watu wenye adabu mno.

Mwezi wa Mei ukasema khalas, umeacha. Ukalitia rungu ndani ya begi lake, begi ukaliweka nyuma ya mlango wa chini kwa Wasswa mlinzi, ukamwambia ampe mtu. Sikulala vizuri wiki ile. Nilijua naweza kulikomesha hilo kwa kukuambia ukweli kuhusu jezi, na niliona aibu.

Wasswa ndiye aliyetuokoa, na yeye hajui sana. Mlinzi wetu kutoka Uganda, mtu wa kulinda mlango saa kumi na mbili kwa siku. Tulimpita miaka mitatu, "Habari, Wasswa," "Nzuri, mama," na hakuna aliyejua kwamba skuli yao huko kwao ilikuwa na timu ya besiboli na yeye ndiye aliyekuwa mrushaji. Alikupandishia begi juu mwenyewe. Akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Boss, hii kitu mimi siwezi kuipa mtu," akasema. "Hii mgonjwa, haijakufa."

Ukamwambia humo hamna kitu tena, umeshakwisha. Akacheka. "Nilikuona siku ile umecheza kule na madogo, pale kwa parking. Wewe shida yako moja. Unataka kila mpira iende Sharjah." Akaniangalia mimi. "Mama, si kweli?"

Nilitamani sakafu inimeze.

Basi ndiyo tukaanza ile kazi ya chini, kwenye pembe ya maegesho yasiyo na gari, baada ya alfajiri kabla joto halijashuka ngazi. Wasswa hawezi kuacha mlango wake, kwa hiyo mrushaji nikawa mimi. Mimi, na miwani yangu! Soksi za baba yako nilizikunja vidonge, nyeupe na nyeusi. Wiki nzima Wasswa hakukupa rungu. Alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye ngazi, "Usipige! Sema tu rangi!" Mimi narusha, wewe unasema nyeupe, nyeusi, nyeusi, nyeupe. Wiki ya pili akakwambia upige nyeupe peke yake. "Nyeusi wacha ipite. Hiyo si yako. Ya mtu mwingine hiyo, mwache aje aichukue."

Unakumbuka ile asubuhi nilipokosea nikampiga Wasswa kwa soksi usoni, naye anapiga saluti kwa mwenye jengo? Soksi nyeusi. Na wewe ukasema, "Nyeusi," bila ya kufikiri, halafu ukaanguka chini kwa kicheko, na rungu likabingirika mpaka kwenye gari la Daktari wa ghorofa ya tano. Ilikuwa miezi tisa sijakusikia ukicheka. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka viatuni, na nilitamani tuendelee hadi adhuhuri.

Nilipanda juu siku hiyo hiyo nikaitoa jezi. Nikaifumua kwa wembe, kunjo kwa kunjo. Nikaitandaza juu ya meza. Nilitarajia nitasikia harufu ya baba yako, lakini haikuwepo, ilikuwa harufu ya sabuni na jua. Nikachora kwapa jipya kwa chaki, kwa kipimo chako wewe. Mkato wa kwanza nilihisi namkata baba yako. Wa pili ulikuwa kitambaa. Vipande vilivyokatika vilijaa kiganja kimoja, vyote. Miezi yote ile nilikuwa nimekufunga kwa ajili ya kiganja kimoja cha kitambaa.

Oktoba ukaivaa, ukazungusha mikono, ukaniambia, "Mama, imelainika." Nikakujibu, "Ni kufuliwa." Huo ndio uongo wangu, Haitham. Ndio ninaoutoa leo.

Msimu ule nitausimulia mpaka nife. Mechi ya kwanza ulitoka bila ya kitu, unakumbuka? Mara nne ulisimama, mara nne wakakudaka. Lakini sauti ilikuwa imerudi, pamba kavu inachanika, na safari hii nilikuja mpaka kwenye wavu nikakwambia, "Umepiga vizuri, nao wamedaka vizuri." Ukaniangalia kama mgeni uliyemkuta kwenye foleni. Jumamosi ya pili mrushaji wao, yule mrefu mwenye mkono wa kushoto, akakutupia miwili ya chini ukaiacha, na nikasikia nafsi yangu inasema, nyeusi, nyeusi. Wa tatu ukaja mweupe.

Wallahi sikuuona ulipokwenda. Nilisikia tu. Halafu nje ya uzio magari matatu ya maegeshoni yakaanza kulia honi kwa zamu, na Bi Shemsa, mtu wa miaka sabini na mbili, amepanda juu ya benchi na buibui lake, anapunga bakora: "Yalla, baba, kimbia! Kimbia wasikushike!" Zuwena anamvuta chini anamwambia, bibi, mpira ukivuka uzio hakimbii mtu, anatembea tu. "Nani kasema? Na akibadilisha nia yule mzungu mwamuzi?" Ukazunguka vituo vyote unacheka umeshika kofia, na kocha mzee ameketi kwenye kapu la mipira anafuta miwani.

Hapo kila mtu akawa na sababu. Bi Shemsa mpaka leo anasema ni maji yake, ila yalichelewa kufika kwenye mishipa. Kocha anasema ni kiuno chako, kimeiva. Wasswa anasema ni Wasswa. Wewe unasema ni jezi. Na mimi, kama ungeniuliza, ningesema hivi: sehemu moja hukuwahi kuanguka, ni mipira iliyoangukia mikononi mwa watu. Sehemu nyengine ni mimi niliyekufunga kwapa na kukubebesha uzio, na vyote viwili vikaondoka. Sehemu nyengine ni wewe, uliyejifunza kumwachia mwengine cha mwengine. Na iko sehemu ambayo ni siku tu kupita, na kicheko kurudi nyumbani. Ipi ilikuwa kubwa, sijui. Nimefikiri nikiwa kwenye cherehani mwaka mzima na bado sijui. Ninachokijua ni kwamba mkono uliokuwa unapiga kabla, ndio uliopiga baadaye. Haukwenda popote. Hata kwenye ule mwezi wa godoro, ulikuwepo.

Basi ukifika mwezi wa godoro huko ng'ambo, na utafika, usikimbilie kunywa dawa ya kila mtu. Tafuta kwanza kitu kinachobana. Mara nyingine kimeshonwa na mtu anayekupenda sana, na ndiyo maana unakivumilia. Mimi ningependa uniambie. Ungeniambia mwaka ule, "Mama, inanibana," ningelia siku moja, na Jumatatu ningeshika mkasi. Kilio cha siku moja nakiweza, mwanangu.

Jezi nimeitoa begini. Iko juu ya kiti cha cherehani, imekunjwa. Begi halijafungwa, na wewe ni mtu mzima. Ukishasoma haya, ukiitaka, ichukue. Lakini ichukue kama nguo ya baba yako, uivae siku ya baridi ukikaa kitandani. Uwanjani nenda na nambari watakayokupa wao, au uombe saba yako. Kama umenikasirikia, nikasirikie leo hii nikiwa karibu, kabla hatujaondoka kwenda kiwanja cha ndege, nikupikie kitu.

Pale ilipokuwa jezi pamebaki nafasi, nami nafasi tupu begini siiwezi. Nimeijaza soksi jozi sita, tatu nyeupe, tatu nyeusi. Mtafute mtu wa kukurushia. Asiwe fundi wa mpira, awe tu mwenye subira na anayekubali kuchekwa.

Na nina ombi moja. Simu za intaneti huku hazipiti, unajua, lakini ujumbe wa sauti unapita. Siku ya kwanza watakapokusimamisha na rungu, mpe mwenzako simu aiweke benchi, karibu na wavu. Usiniandikie kwamba umepata au umekosa, na usinitumie picha. Nitumie ile sauti tu. Mimi na Bi Shemsa tutaisikiliza hapa, na nitajua. Ikiwa pamba kavu au ikiwa godoro, jibu langu litakuwa moja, kwa sauti ile ile, na utalijua limetoka kwa nani.

Haya, mwengine.

Mama yako,
Asya